Njia ya Ng'ombe, Usangu

Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa njia. Wanaume wengine wa mtaani kwetu walipenda mpira, wengine bao na kahawa. Yeye alipenda vijia vya miguu, vile visivyo na jina wala kibao, vinavyoanzia nyuma ya kisima cha kijiji na kupotelea kwenye majani. Alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya msingi, Mbeya mjini. Akiona kijia kupitia dirisha la basi, basi limekwenda zake, yeye bado amegeuza shingo anakitazama.

Gari hatukuwa nalo. Tulichokuwa nacho ni baiskeli nyeusi ya Kichina na nauli ya Jumapili. Utingo aliifunga baiskeli juu ya basi pamoja na magunia na matenga ya kuku, sisi tukakaa ndani, na mahali ambapo mume wangu amepachagua tukashuka. Kisha yeye akaendesha, mimi nikakaa nyuma kwenye keria juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, tukafuata kijia mpaka kitutoe kwenye barabara nyingine, tungoje basi la kuturudisha.

Wote wawili tulikuwa watoto wa mjini, wajukuu wa watu waliopanda kutoka pwani na biashara zao. Mimi nilizaliwa Iringa, jirani na soko, nyuma ya duka la baba la kanga na mafuta ya taa. Shamba nililijua kwa magunia yake tu. Kwa hiyo mama mkwe alipokuwa akisema, "Mke wa mtu anazungushwa maporini kama furushi," nilinyamaza, lakini moyoni nilikubaliana naye.

Hata hivyo nilikwenda. Tulikwenda Kalenga tulipomtembelea baba, tukarudi Iringa kwa kufuata mto. Tulishuka Nyololo siku moja tukaingia vijia vya kuelekea kwenye mashamba ya chai, ukungu ukatufunika, tukasikia lori linakuja bila kujua linatokea upande gani, tukasimama mtaroni tumeshikana mikono mpaka sauti ikapita. Niliapa sitarudi. Jumapili iliyofuata nilikuwa nakunja kanga tena.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa mwisho wa kiangazi. Nilikuwa na mimba changa, ya kwanza, ambayo nilidhani tunaijua sisi wawili na mama mkwe tu. Mume wangu alisema safari hii ni ya tambarare, haina mlima hata mmoja: tutapanda basi la alfajiri la Madibira, tutashuka katikati ya mbuga za Usangu, tutafuata njia pana ya ng'ombe hadi mtoni, na basi likirudi mchana litatukuta barabarani.

"Umejuaje kama ni pana?" nilimuuliza.

"Nimesikia," alisema.

Dereva wa basi lile alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye sweta la kijani lililotoboka viwiko. Tulipokaribia Chimala tumbo lilinichafuka. Kondakta, kijana mwembamba mwenye haraka, alisema basi halisimami hapo. Sikuwahi kumjibu. Nilitapika mlangoni, na sehemu ikamwangukia kiatuni. Dereva akasimamisha basi bila kuulizwa, akanipa maji kutoka kwenye dumu lake, akangoja mpaka nikapata nguvu. Kondakta alifuta kiatu kwa majani huku ananung'unika.

Saa tatu hivi tulishuka mahali ambapo mimi sikuona kitu cha kushukia: barabara ya vumbi, udongo mweusi uliopasuka, miti ya miiba huku na huku. Utingo akateremsha baiskeli.

"Tunarudi saa nane," kondakta alisema. "Mkiwepo tutawachukua. Msipokuwepo, shauri yenu."

Basi likaondoka na vumbi lake. Mume wangu akanionyesha njia ya ng'ombe, na kweli ilikuwa pana, imekanyagwa ikawa laini kama sakafu. Tulikwenda vizuri. Upepo ulikuwa bado wa baridi, na kwa kitambo nilifurahi kuwa pale. Njiani palikuwa na samadi mbichi na alama za kwato nyingi, zimechimba udongo kwa nguvu.

"Wamepita leo," mume wangu alisema. "Wengi. Na walikuwa wanakimbia."

"Kwa nini ng'ombe wakimbie?"

Alipunguza mwendo. Nadhani hapo ndipo naye alipoanza kujiuliza.

Hatukwenda mbali. Nilisikia miguu nyuma yetu, nikageuka, nikaona wanaume wanakuja mbio kwenye njia ileile, wameinamisha vichwa wakitazama chini. Walikuwa vijana saba au wanane, wenye fimbo, na wawili wana mikuki. Mume wangu alisimamisha baiskeli ili awasalimie. Alikuwa mtu wa kusalimia kila mtu.

Hawakuitikia. Mmoja alikamata usukani. Mwingine, mrefu, mwenye shati jekundu, alimtazama mume wangu usoni kwa muda, akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nasi tusikie, "Ni huyu."

"Huyu nani?" nilisema.

"Alikuja hapa juma iliyopita. Na baiskeli hii hii. Aliuliza ng'ombe wanapita wapi kwenda majini. Aliuliza wanalala wapi."

Nilicheka. Nakumbuka nilicheka kwa kuona nafuu, kwamba kumbe wamemfananisha. "Jumapili iliyopita mume wangu alikuwa Tukuyu," nilisema. "Alikwenda kwenye mkutano wa walimu."

Nikamgeukia ili aniunge mkono. Alikuwa anatazama udongo.

"Ni kweli nilikuja," alisema.

Sijui kama aliwaambia wao au aliniambia mimi. Nilihisi kama mtu amenivuta keria chini yangu, ingawa nilikuwa nimekwisha shuka na nimesimama. Kijana wa shati jekundu akasema maneno kwa lugha yao, na wawili wakamkamata mume wangu mikono, wakaifunga nyuma kwa kamba ya ngozi. Waliobaki waliendelea kukimbia wakifuata alama za kwato. Sisi tukarudishwa, mume wangu mbele, mimi nyuma yake, na kijana mmoja amebeba baiskeli begani kama mtu aliyebeba mzoga.

Boma lao lilikuwa la familia ya wafugaji waliohama kutoka kaskazini, kama zilivyokuwa zikihamia familia nyingi miaka ile kwa ajili ya malisho ya Usangu. Zizi lilikuwa kubwa, limezungushiwa miiba, nalo lilikuwa tupu. Sehemu moja ya miiba ilikuwa imevutwa kando. Ndama wachache walikuwa wamefungwa pembeni, wanalia bila kunyamaza, kwa kuwa mama zao hawakuwepo.

Mbele ya nyumba, juu ya ngozi, alilala kijana amefungwa kitambaa kichwani. Kitambaa kilikuwa kimelowa damu. Mama yake alikuwa amekaa kando yake akifukuza nzi. Nilipomwona yule kijana niliacha kuwakasirikia. Nikabaki na hofu peke yake.

Mzee wa boma alitoka. Alikuwa mfupi, mtulivu, amejifunga blanketi. Alieleza, kwa Kiswahili cha taratibu, kwamba usiku wezi wamekuja, wamempiga mwanawe aliyekuwa akilinda, wameondoka na kundi zima. Kisha akamuuliza mume wangu anafanya kazi gani, na alikuja kufanya nini juma lililopita, na leo amekuja kufanya nini.

"Mimi ni mwalimu," mume wangu alisema. "Napenda kutembea njia. Nilikuja kuangalia njia."

"Njia ya nani?"

"Ya ng'ombe. Nilitaka kuijua tu."

Mzee alifikiri. "Mtu mzima analipa nauli kutoka Mbeya, anakuja kuangalia njia ya ng'ombe, halafu anarudi?"

"Ndiyo, mzee."

Hakuna aliyecheka. Mimi niliyeishi na ugonjwa ule nyumba moja niliyasikia maneno yale kwa masikio ya wale watu, yakawa uongo mtupu, tena uongo wa kitoto.

"Matairi yake yamefuata ng'ombe," alisema kijana wa shati jekundu. "Kwato chini, tairi juu. Alikuwa anafuata wenzake."

Akainua fimbo akampiga mume wangu begani. Ilitoa sauti ya kitu kikavu. Mume wangu alipiga magoti bila kulia, na mimi nikapiga kelele kwa niaba yake. Mzee akasema neno moja kali, yule kijana akarudi nyuma, lakini fimbo hakuishusha. Vijana wengine wakasogea. Nilijua, kama unavyojua mvua itanyesha, kwamba fimbo ya pili ikishuka zitashuka zote.

Nikasema jambo lililonijia. "Ng'ombe waliibiwa usiku. Usiku sisi tulikuwa Mbeya. Tumekuja na basi la alfajiri. Waulizeni watu wa basi!"

"Basi liko wapi?" mzee aliuliza.

"Limekwenda Madibira. Linarudi saa nane. Niacheni niende barabarani, nimlete dereva."

"Akienda harudi," alisema kijana wa shati jekundu. "Atapanda basi aende zake. Au ataleta polisi, wamchukue huyu, kesho tumwone anatembea sokoni."

"Mume wangu yuko hapa," nilisema. "Niende wapi?"

Mzee alinitazama, kisha akatazama jua. Akamwita yule mama aliyekuwa akifukuza nzi. Waliongea kidogo. Yule mama akainuka, akamkabidhi binti mmoja kazi ya nzi, akajifunga upya kitambaa chake kiunoni.

"Utakwenda na huyu," mzee aliniambia. "Kivuli cha mti ule kikifika mlango wa zizi, na hamjarudi, mimi ni mzee mmoja. Siwezi kuwashika vijana wote."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa bado amepiga magoti. Alifungua mdomo aniambie kitu.

"Usiseme," nilimwambia. Sikutaka maneno yake wakati ule.

Yule mama alitangulia. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, miguu mitupu, na mwendo wake ulikuwa karibu na mbio. Viatu vyangu vya kamba vilikatika mapema, nikavitupa. Udongo ulikuwa na moto na kingo zake zilikata kama vigae. Alikuwa amemwacha mtoto wake anatoka damu ili aje kunilinda mimi nisitoroke, na sikuwa na salamu yoyote ya kumpa mtu wa namna hiyo.

Njia nzima nilikuwa namhesabia mume wangu makosa. Kama Tukuyu haikuwa Tukuyu, je, zile Jumapili nyingine? Ile semina ya Sumbawanga? Nilimwona akinyoa ndevu asubuhi ile ya juma lililopita, akipiga mluzi, akiniambia mkutano utachelewa. Uongo ulimtoka kirahisi. Nikajiuliza kwa mara ya kwanza kama mtu niliyelala naye ninamjua. Wazo likaja, nikalifukuza, likarudi: na kama kweli alionyesha watu njia? Jua lilinipiga utosini, tumbo likaanza kukaza chini ya kitovu, nikasimama nimejikunja.

Yule mama aligeuka. Akarudi hatua chache, akaniwekea mkono tumboni bila kuuliza, akauacha hapo.

"Mimba?" alisema.

"Ndiyo, mama."

Alikuwa na kibuyu kidogo cha maji. Akanipa, nikanywa, akakichukua bila yeye kunywa. Halafu akauliza, akitafuta maneno moja moja, "Mume wako. Ni mwongo?"

Nilitaka kusema hapana haraka, kama mke anavyopaswa. Nilishindwa.

"Mimi alinidanganya," nilisema. "Nyinyi sidhani."

Nadhani jibu lile lilimfaa kuliko ambavyo kiapo kingemfaa. Akanishika mkono, tukaendelea, safari hii akiniburuta kidogo.

Barabara ilikuwa bado mbele yetu nilipoliona vumbi. Basi lilikuwa limewahi. Lilikuwa linakuja kutoka upande wa Madibira na sisi tuko mbali nalo kama upana wa kiwanja cha mpira, labda viwili. Nilivua kanga ya kichwani nikaanza kukimbia nikiipunga. Nilipiga kelele, lakini sauti yangu ilikuwa imekauka. Basi likatupita. Niliona nyuso za watu madirishani zikitutazama, na basi likaenda.

Ndipo yule mama akapiga yowe. Sijapata kusikia tena sauti kama ile kutoka kwa mtu mmoja. Ilikuwa ileile waliyopiga usiku ng'ombe walipochukuliwa, nilikuja kuambiwa baadaye. Utingo aliyekuwa amekaa juu ya magunia akageuka na kupiga bati kwa kiganja. Basi likasimama mbele kule.

Nilifika mlangoni siwezi kusema. Kondakta alisema, "Panda upesi, unatuchelewesha. Mwenzako yuko wapi?"

Nilieleza. Sijui nilielezaje, maana maneno yalitoka nusunusu, lakini walielewa, kwa sababu basi zima lilianza kuongea kwa pamoja. Mwanamume mmoja alisema wakienda kule watachomwa mikuki wote. Mama mwenye magunia ya mpunga alisema huyo ni mume wa mtu, jamani. Mwingine akasema mwizi ni mwizi hata akiwa na mke.

Kondakta alikuwa anatikisa kichwa. "Dada, hili ni basi. Sisi si mahakama. Tukifika Rujewa tutawaambia polisi."

"Polisi wa Rujewa watafika saa ngapi?"

Akageuka kumtazama dereva.

Mkono wa dereva ulikuwa kwenye gia. Alinichungulia kwenye kioo, kisha akageuka mwili mzima na sweta lake.

"Wewe ndiye uliyetapika pale Chimala?"

"Ni mimi, mzee wangu."

"Ni mbali?"

Nilimtazama yule mama. Dereva naye akamtazama. "Mama," alimwambia, "huko gari linaweza kupita?"

Yeye alifikiri kabla ya kujibu, kama mtu anayejua kwamba akikosea watu wataumia. "Trekta ilipita," alisema.

"Pandeni," dereva alisema. Akakata kona, akaiacha barabara, akaingia mbugani.

Kelele zilizotoka mle ndani sitazisahau. Kondakta alishika nguzo akapiga mayowe, "Mwenye basi akijua!" na dereva akasema, bila kugeuka, "Mwenye basi yuko Mbeya." Magunia yaliruka, kuku wakapiga makelele, mtoto mmoja akalia mfululizo. Nilisimama nyuma ya kiti cha dereva nimeshika chuma. Yule mama alisimama kando yangu akionyesha kwa kidole: huku, sasa huku, hapana, huku. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda gari, aliniambia siku nyingine. Hakuonyesha.

Tulifika kwenye korongo kavu. Halikuwa na kina kikubwa, lakini basi likitumbukia lingebaki humo. Dereva akashuka, akalikagua, akaamuru watu wote washuke. Wanaume walivunja matawi na kusomba mawe. Walikuwa wananung'unika lakini walifanya, hata yule aliyesema tutachomwa mikuki. Mimi nilitazama kivuli cha basi. Kilikuwa kirefu kuliko nilivyotaka. Nilianza kubeba mawe, mtu akaninyang'anya, nikabeba mengine.

Basi lilivuka likilalia ubavu, likakwaruza, likatoka. Tukapanda.

Vijana wa boma walipoliona waliruka na mikuki yao wakidhani ni polisi. Dereva alisimama mbali kidogo, akazima injini, akasema mtu asishuke. Akashuka peke yake, taratibu, mikono yake inaonekana, akaenda moja kwa moja kwa mzee, akainama na kumsalimia kwa heshima kama mtu aliyekuja kuposa.

Mimi sikungoja ruhusa. Nilishuka nyuma yake. Kivuli cha ule mti kilikuwa kimeupita mlango wa zizi. Mume wangu alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye nguzo, na mdomo wake umevimba upande mmoja. Lakini alikuwa hai. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yake, karibu kabisa, na baadaye nilielewa kwamba muda wote ule alikaa hapo ili asiyetaka kumpiga mzee asipate pa kupita.

"Huyu bwana na mkewe nimewapakia Mbeya leo alfajiri," dereva alisema. "Giza lilikuwa halijatoka. Niliwashusha barabarani saa tatu. Naapa kwa Mwenyezi Mungu."

"Na kondakta wako?" aliuliza kijana wa shati jekundu.

Kondakta aliitwa. Alishuka kwa shida, akasimama karibu na basi. "Ni kweli," alisema. "Huyu mama alinitapikia kiatu." Akanyanyua mguu kama anayetoa ushahidi mahakamani. Mtu mmoja ndani ya basi alicheka, akanyamaza mara moja.

"Na juma iliyopita?" yule kijana alisema. "Hata hilo mnalijua?"

Dereva akafuta jasho. "Juma lililopita vilevile nilimleta mimi. Alikaa kiti cha mbele akaniuliza njia mpaka nikachoka. Njia hii inatoka wapi, ile inaingia wapi. Nikamuuliza, mwalimu, njia hizi za nini? Akasema anataka kwanza akaione njia kama ina mashimo, maana mkewe ana mimba na anakaa kwenye keria."

Ndama tu walikuwa wanalia. Sikumtazama mume wangu. Nilijua nikimtazama nitalia, na sikutaka kulia mbele yake, kwa sababu hasira ilikuwa bado ipo, ipo palepale, haikuondoka kwa maneno ya dereva. Ilipata tu kitu cha kukaa nacho.

Mzee alisimama, akaenda mwenyewe kufungua ile kamba. Fundo lilikuwa limekazika, akalifanyia kazi kwa meno.

"Nenda," alimwambia mume wangu. "Lakini njia ya ng'ombe ya mtu, usiiulize tena bila kwanza kuja nyumbani ukakaa."

"Ndiyo, mzee," alisema mume wangu. Akajaribu kuinuka, bega likamkataa. Kijana wa shati jekundu akampa mkono akamnyanyua. Hakumwomba radhi, wala sisi hatukuwa na haki ya kuidai. Kundi lao lilikuwa bado halijulikani liliko, na ndugu yake alikuwa kwenye ile ngozi.

Ndani ya basi abiria walitusema mpaka tukafika lami. Mume wangu aliniambia, "Nilidhani ukijua ninakwenda kuikagua utasema ni ya hatari, utakataa."

"Nyamaza mpaka Mbeya," nilimwambia. Akanyamaza. Nyumbani tuligombana kwa sauti ambayo majirani waliisikia, na mama mkwe akahamia kwetu kwa majuma mawili, akihakikisha sinyanyui hata ndoo.

Habari za ng'ombe tulizipata kwa dereva. Wengine walikutwa wametelekezwa karibu na majani ya kinamasi. Wengine hawakuonekana tena. Na mwanzoni mwa mvua dereva huyohuyo alibisha hodi mlangoni kwetu. Nyuma yake alisimama yule mama, na mwanawe amefungwa kitambaa kilekile au kingine kama hicho. Kidonda kilikuwa kimeharibika. Kwenye kliniki ya kwao waliambiwa waje hospitali ya Mbeya, na mjini hapa mtu waliyemjua alikuwa mimi.

Walikaa kwetu. Yule mama alikataa kitanda, akalala kwenye mkeka kando ya mwanawe. Mimi na yeye tuliongea kwa maneno yake machache ya Kiswahili na mikono, tukipepeta mchele uani. Mume wangu alikuwa akimsalimia kwa adabu kupita kiasi, akitoka chumba chochote anachoingia yule kijana. Nilimwacha. Sikuwa na cha kumsaidia.

Asubuhi ya kwanza ya kwenda kufunga kidonda, mume wangu alitoa baiskeli nje, akapangusa keria, akasimama. Kijana aliitazama ile baiskeli. Akatikisa kichwa. Mume wangu akasema, "Basi tutembee," naye hakuipanda. Niliwatazama kutoka mlangoni, tumbo langu likiwa limeanza kuonekana: waliteremka mtaa wakiwa wamenyamaza, mmoja kushoto, mmoja kulia, baiskeli ikikokotwa katikati yao.